Lazaro Wawili

Gakindu, Mukurweini
Jumapili, 9 Julai 2023

Kwa kijana wangu Mwai,

Kwanza salamu. Pili, salamu kwa afande anayefungua hii barua kabla yako. Afande, hujambo. Soma polepole, huu ni mwandiko wa mtu ambaye aliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa hana kitu tena ya kumfundisha.

Sasa Mwai, kaa chini. Kama umekaa, simama, maanake hii si habari ya kukaa. Umepata mvulana! Alikuja Jumanne. Kilo tano. Muuguzi alimweka kwa mizani, mizani ikalia kama mbuzi, akaenda kuita wenzake waje waone. Mikono yake ni ya mtu wa kung'oa viazi. Kichwa yake ni ya ndugu yangu Theuri, baba yako, kabisa, kama mtu ametoka kaburini akaoga akarudi nyumbani.

Jina si ya kuuliza. Mvulana wa kwanza ni wa baba ya baba, hata mtoto wa nyani anajua hivyo. Kwa hivyo ni Lazaro Theuri, yote mawili, la kanisa na la nyumbani. Baba yako alikufa kabla ya kumaliza kupogoa kahawa ya ile safu ya chini. Sasa amerudi kumaliza. Wacera hajambo, anapumzika kwa mama yake huko Mwea.

Jana kasisi wa hilo gereza alinipigia simu. Ati wewe unarudisha sahani vile ilikuja. Wiki mbili. Mwai, mimi nilikaa siku tisa bila kula ndani ya msitu wa Aberdare, mguu umevunjwa na nyati, na nyati ndiye alikufa. Lakini sikuwa na mtoto mchanga wa kuningoja. Wewe uko naye. Rufaa inakuja, na jaji akiona wewe uliendesha pikapu tu, hukumgusa yule mlinzi wa kiwanda cha kahawa, atakurudisha nyumbani. Lakini mifupa haikati rufaa. Kula.

Ni mimi,
Gathogo, mdogo wa baba yako, yule mwenye nguvu

*

Gakindu
Jumatatu, 10 Julai 2023

Mama Theuri,

Nimempa Ngendo hii barua kwa sababu anakuja huko kuchukua mchele, na kwa sababu simu yako haishiki. Hata ingeshika, haya si maneno ya simu.

Nyasi tumeirudisha vizuri pale. Nimeweka mawe manne. Mtoto yuko kando ya babu yake, upande wa parachichi, hapigwi na maji ya mvua.

Sasa sikia na usikasirike bado. Jumamosi nilikuwa nimechukua kalamu nimwandikie Mwai ukweli. Nilikuwa nimeandika "kijana wangu, jikaze". Simu ikalia, ni kasisi. Akaniambia Mwai amelala chini anatazama ukuta, chakula hagusi, na maji ni mpaka alazimishwe. Anauliza kitu moja tu, kama umejifungua. Kasisi akasema, mzee, kama kuna habari njema yoyote, tuma.

Niliangalia hiyo karatasi. Nikaichana. Nikachukua nyingine na mkono ukaandika wenyewe, mvulana, kilo tano.

Wacera, ni mpaka rufaa tu. Rufaa ni mwaka ujao. Wakimwachilia atakuja hapa, nitampeleka pale kwa mawe, nitamwambia mwenyewe, anipige kama anataka. Lakini apate kufika. Ukimwandikia sasa, nakuomba, mtoto yuko.

Gathogo

*

Mwea
18 Julai 2023

Anko,

Usiniite Mama Theuri.

Nilimwona. Nilimgusa kwa kidole kupitia lile shimo la sanduku la kioo. Wewe umeandika kwamba yuko, ananona. Sasa mimi nikilia, ninamlilia nani?

Siwezi kumwandikia Mwai huo uongo. Ukweli pia siwezi, maanake akifa huko mtasema ni mimi nilimuua. Kwa hivyo sitaandika chochote. Huo ndio msaada niko nao. Usitume mtu tena.

Wacera

*

Gerezani
21 Agosti 2023

Anko Gathogo,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imekatika, nimeiunganisha kwa uji. Ndiyo, uji! Ninakula. Mwambie Wacera ninakula. Kasisi amenipima, nimeongeza kilo tatu, ingawa simfikii mwanangu kwa mwendo.

Nina kazi sasa. Kuna watu wanaotuma masomo ya Biblia kwa posta, ukimaliza daftari moja unarudisha wanakutumia jingine. Nimeomba lile la majina. Nyuma yake kuna herufi za Kigiriki, maana Agano Jipya liliandikwa Kigiriki. Nimeandika jina la mtoto ukutani kwa mkaa: Λάζαρος. Afande akaniuliza kama ni uchawi wa Kitui. Nikamwambia ni kijana wangu. Sasa akifungua mlango asubuhi anasema, "Lazaro, baba yako ameamka?"

Anko, mimi sikumaliza kumuuliza baba mambo mengi. Hilo jina Theuri ninajua lilitoka kwa babu yake. Lakini Lazaro je? Kwa nini Cucu, mama yenu, alimbatiza Lazaro? Wewe tu ndiye umebaki wa kuuliza.

Na Wacera mbona haandiki? Nitumie picha. Hata kama imeonyesha sikio peke yake.

Mwai

*

Gakindu
5 Septemba 2023

Kijana wangu, na afande, hamjambo nyote wawili,

Umeuliza Kigiriki, umegonga mlango wenyewe. Wewe hukujua mimi ninaongea Kigiriki? Mwaka wa tisini na moja niliendesha trekta ya Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Nyeri. Wiki mbili tu, Mgiriki akawa ananiuliza mimi maneno ya kwao ambayo amesahau. Alipokufa walitaka nisome kaburini, nikakataa kwa sababu ya wivu ya watoto wake.

Sasa Lazaro. Huyo alikuwa maskini, vidonda mwili mzima, analala kwa geti ya tajiri na mbwa wanamlamba. Akafa. Alipokaa kaburini siku nne Yesu akaja akamwambia toka nje, akatoka na sanda, akaenda moja kwa moja kwa yule tajiri, akabisha. Tajiri alianguka pale pale. Hiyo ya kubisha haiko kwa Biblia ya Kiswahili, iko kwa ya Kigiriki.

Na baba yako. Hii sikiliza vizuri. Mama yetu alimzaa Theuri katikati ya mvua kubwa, mtoto akatoka wa bluu, kimya, hana pumzi. Mkunga akamfunga kwa jani la mgomba, akamweka kando ya mahindi ili wamshughulikie mama kwanza. Maji ya chai ikachemka, watu wakanywa. Ndipo jani likalia. Jani, Mwai! Mama akasema huyu akipelekwa kanisani asiitwe kitu ingine, ni Lazaro.

Mtoto ana meno mawili. Miezi miwili, meno mawili, daktari anasema ni ya kwanza tangu Uhuru. Wacera mkono wake umeumia kidogo, aliukata kwa mundu akivuna mpunga wa mama yake, kwa hivyo kuandika ni shida. Picha itakuja, kamera ya huku ina foleni.

Na habari yangu mimi sasa. Msichana wangu Tabby huko Nanyuki ana mimba ya pili, anajifungua Oktoba, na mashini imeonyesha mvulana! Wa kwanza alichukua jina ya baba ya Wambugu, bwana yake, sawa, ni haki ya bwana ya msichana. Lakini mvulana wa pili ni wa baba ya mama. Ni mimi, Mwai. Gathogo anazaliwa. Daktari amesema baada ya huyu Tabby asizae tena, na mimi sina mtoto mwingine, unajua, kwa hivyo huyu ndiye mlango wangu wa pekee na nimeshaweka mguu. Nimetangaza kwa soko yote ya Gakindu. Nimetangaza Karatina. Nitachinja mbuzi wawili, na moshi wake utafika hapo kwako.

Gathogo wa kwanza

*

Gerezani
2 Oktoba 2023

Anko,

Nimecheka hadithi ya tajiri mpaka wenzangu wakataka kusomewa. Lakini umewachanganya. Lazaro ni wawili. Mmoja ni wa mfano, yule maskini wa mlangoni. Huyo alikufa na hakurudi. Tajiri aliomba arudishwe hata kuwaonya ndugu zake, akaambiwa hapana. Mwingine ni wa Bethania, ndugu ya Martha na Mariamu. Huyo ndiye aliyetoka kaburini. Ni jina moja, watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyerudi.

Daftari linasema jina lenyewe si la Kigiriki. Ni la Kiebrania, Eleazari, kama yule mwana wa Haruni. *El* ni Mungu, na lile linalofuata ni kusaidia: Mungu amesaidia. Sasa wanasema watu wa Galilaya walikuwa wakilitamka wamelikata mwanzo, likabaki Lazari, na Wagiriki walipolipokea wakalivika mkia wao wa majina ya wanaume. Limepita mikono mingi, Anko, kama kahawa yetu, mwishowe anayeinywa hajui ilitoka Gakindu. Nimelitazama pale ukutani. Mungu alikuwa mbele kabisa ya hilo jina, na sasa amebaki herufi moja. Lakini yumo. Ninajiambia herufi moja inatosha.

Jambo jingine ni hili. Ameletwa mfungwa mpya, Dedan, mtu wa Kagio. Anamjua Wacera. Anasema alimwona mwezi uliopita sokoni Kagio akiuza nyanya, mikono yake yote miwili mizima, na mgongo mtupu, hana mtoto. Nilimwambia ameona mtu mwingine. Nilimshika shati, nikafungiwa peke yangu siku tatu.

Tangu hapo chakula hakipiti. Si kwamba ninakataa. Kinafika hapa kooni kinasimama. Anko, nitumie picha ya mtoto. Usinitumie maneno mengine, maneno yako ninayo ya kutosha. Kama picha haiji, nitajua.

Mwai

*

Gakindu
11 Oktoba 2023

Tabby, mama,

Ungeshangaa kwa nini naandika na simu iko. Kwa simu utasikia sauti yangu.

Barua ya Mwai nimeiweka hapa ndani, soma kwanza, kisha rudi kwangu.

Umesoma. Mtoto wako akizaliwa, usimwite Gathogo. Mwite Lazaro Theuri. Mwambie Wambugu ni mimi nimesema, na asiniletee maneno. Akifika miezi mitatu mpige picha, ile ya kukalishwa, na andika nyuma Lazaro Theuri, tarehe usiandike. Mtoto wa Oktoba na wa Julai kwa picha ni kitu kimoja, mradi amenona.

Ungeniuliza, baba, si unaweza kutuma picha na mtoto abaki Gathogo? Nimefikiri hiyo. Nilianza nayo. Lakini siku moja Mwai atatoka huko, na atamwita huyo mtoto "Theuri" aone kama anageuka. Mtoto hawezi kudanganya. Inabidi jina liwe lake kweli, ndio ageuke.

Na kuna kitu ingine. Yule wa kaburi ile ndogo hakuna atakayemwita tena, jina imebaki bila mtu. Ndugu yangu alizaliwa mara moja zaidi, kwa mtoto wa Mwai, na hakukaa. Mimi sijazaliwa hata hiyo moja, lakini nimezoea kungoja, na mimi ni mtu wa nguvu.

Hao mbuzi wawili nimeuza. Sokoni nitawaambia mashini ilikosea, ulipata msichana. Watacheka wiki mbili.

Usilie, utadhuru mtoto.

Baba yako

*

Gakindu
22 Januari 2024

Mwai, kijana wangu,

Picha hiyo. Angalia mashavu! Mpiga picha alitaka kumlipa yeye badala ya sisi kulipa, ili aweke kwa dirisha. Anakaa bila kushikwa. Juzi alishika mkia wa ng'ombe, ng'ombe akasimama.

Huyo Dedan wako wa Kagio mwambie akanunue macho. Wacera anauza nyanya, ndiyo, mtu haishi kwa kumtazama mtoto, na mtoto anabaki na cucu yake. Mkono ulipona.

Hiyo maneno ya Lazaro wawili nimeifikiria. Labda ni wawili. Mgiriki alikuwa ananieleza haraka haraka.

Kahawa ya safu ya chini nimepogoa mimi. Mvua ilikuja mapema. Kula.

Gathogo

*

Gerezani
19 Julai 2024

Anko Gathogo,

Rufaa ilisomwa Ijumaa iliyopita. Imetupwa. Jaji alisema anayemngoja mwuaji garini na injini ikiwaka ni mwuaji. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Kwa hivyo ni maisha.

Nilipanga kukuandikia hilo tu. Lakini nimekaa na ile picha miezi sita, na kuna jambo nimengoja uniambie, hukuniambia.

Gathogo alizaliwa lini?

Uliniandikia Septemba kwamba Tabby anajifungua Oktoba, mvulana, na ni wewe. Hiyo ilikuwa nusu ya barua. Wewe ni mtu ambaye kuku wako alitaga yai la viini viwili ukapanda gari mpaka Othaya kuwaambia watu. Maisha yangu yote umetuambia siku utakayozaliwa na Tabby. Halafu Januari unaniandikia ng'ombe, mvua, safu ya chini, na Gathogo hayumo. Hata kwamba alikufa hayumo. Nikasema atakuja kwa barua ijayo. Hakuna barua ijayo.

Ndipo nikachukua picha nikaitazama kama mtu mgeni. Hilo paji la uso ni la Wambugu. Nililijua siku ya kwanza, Anko. Nililijua nikaligeuza.

Mvulana wa pili wa msichana ni wa baba yake. Hakuna njia nyingine. Kama hakuitwa Gathogo, ni kwamba umetoka kwenye mlango wako mwenyewe ukamwingiza mwingine. Na wewe huwezi kumpa nafasi yako mtu aliye hai. Kwa hivyo wangu hayuko. Sijui tangu lini. Nafikiri tangu mwanzo, tangu zile kilo tano.

Sikukasirika. Ningekasirika ningekuwa na nguvu. Nimefuta ukuta. Afande aliuliza Lazaro ameenda wapi, nikamwambia ni yule wa mlangoni, hakuwa yule mwingine. Masomo nimeyarudisha. Daftari linasema Mungu *amesaidia*, yaani alishamaliza. Kama alimaliza nadhani mimi nilikuja baadaye.

Sahani ninarudisha tena. Usimtume kasisi. Hakuna kitu cha kuningojesha.

Naomba jambo moja. Niambie habari zake bila kuongeza. Alilia? Alikuwa na uzito gani? Wewe ndiye ulikuwepo. Mara moja tu, usiongeze.

Mwai

*

Gakindu
Jumapili, 28 Julai 2024

Mwai,

Afande, tafadhali msomee hata kama amekataa barua. Simama mlangoni umsomee.

Umeniuliza. Alizaliwa Jumanne tarehe nne, Julai ya mwaka jana, miezi saba. Uchungu ulimshika Wacera akiwa hapa kwangu. Pikipiki ilitupeleka hospitali, mimi nyuma nikimshikilia. Aliwekwa ndani ya sanduku ya kioo yenye joto. Hakulia. Alikuwa anafanya sauti ndogo, kama kifaranga kikiwa bado ndani ya yai. Wacera aliingiza kidole, akakishika. Hiyo ya kushika ni kweli, muuguzi pia aliona.

Mchungaji alikuwa mbali. Jumatano jioni nilichukua maji ya mfereji kwa kiganja nikaomba wanifungulie kidogo, nikamwekea kwa kichwa nikasema Lazaro Theuri. Sijui kama inahesabika, mimi si mtu wa kanisa sana. Lakini aliitwa. Hakuenda bila kuitwa.

Alikufa Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Walinipa nimbebe. Waliniambia mzee, twende tuandike karatasi, nikasema ngoja. Mwai, ile hadithi ya baba yako na jani la mgomba, hiyo ni ya kweli. Mama yetu aliapa mpaka akafa. Kwa hivyo nilikaa kwa benchi na yeye na sikumfunika uso. Nilikaa mpaka wakabadilishana zamu. Nilikuwa nangoja. Yule muuguzi mpya akaniuliza mzee unangoja nini. Ndipo nikamfunika.

Nilimzungushia koti yangu ya Jumapili. Alizikwa nayo, ndiyo maana sina koti.

Sasa mengine, kwa sababu umesema nisiongeze, na nisipunguze pia. Hakuna Mgiriki. Kulikuwa na tajiri wa kahawa, lakini trekta yake niliiosha tu. Mguu wangu haukuvunjwa na nyati, nilianguka kutoka kwa ngazi nikichuma parachichi, na ndiyo sababu siwezi safari ndefu kama ya kuja huko. Shule niliacha kwa sababu nilishindwa. Wacera yuko na mtu huko Kagio, mtu wa mbolea, si mtu mbaya. Ana mimba. Akiwa mvulana atachukua baba ya huyo mtu. Nilimwona sokoni Karatina mwezi wa tano, alinisalimia, nikasalimia.

Tabby alikuja na watoto Pasaka. Nilimwita yule mdogo, "Theuri." Akageuka. Nilitaka ujue kwamba aligeuka, ilifanya kazi. Hata kama sasa haisaidii. Watu wa soko bado wananiuliza, Gathogo, utazaliwa lini? Nawaambia bado niko njiani.

Sikukuandikia tangu Januari kwa sababu kila nikichukua kalamu Gathogo alitaka kuingia kwa barua, na nikimzuia barua nayo inakuwa fupi kama ya mtu mwingine. Sikujua utasoma hata hiyo ya kukosekana kwake.

Sitakuambia ule. Nilikwisha kukuambia kwa kila njia niliyo nayo na zote zilikuwa za uongo.

Uliuliza uzito. Walimpima mbele yangu na mizani haikulia. Kilo moja na robo. Nimebeba magunia ya kahawa na kila gunia nimeliongeza nikisimulia. Huyu nilimbeba kutoka hospitali mpaka hapa nikiwa nimekaa nyuma ya pikipiki, na mara mbili nilifungua koti kuona kama bado ninaye.

Kilo moja na robo. Sijaongeza kitu.

Gathogo